Injini ndogo na hesabu ya jioni



Wiki iliyopita nilikwenda Kiwengwa kumjulia hali ami yangu. Uani kwake nikaikuta pikapu yake ya tani moja imepandishwa juu ya mawe, kuku wanatagia chini yake. Aliinunua kwa kiinua mgongo na bei ya ng'ombe watatu, ili ipeleke samaki na abiria mjini.

"Hizi injini ndogo za tabo hazina maisha, mwanangu," akaniambia. "Injini zilikuwa zile kubwa za zamani."

Kauli hiyo husikika kila gereji. Leo tuitazame, maana ni nusu ya ukweli.

Injini kubwa isiyo na tabo, kama ile 1HZ ya Toyota Land Cruiser yenye lita 4.2 na silinda 6, hubeba mzigo bila kujikamua. Injini ya lita 2.4 hubeba mzigo kama huo kwa kusaidiwa na tabo. Moshi unaotoka huzungusha gurudumu dogo, nalo huisukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, dizeli nyingi zaidi huungua. Nguvu huongezeka, na joto huongezeka pia. Gurudumu hilo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake huelea juu ya utando wa oili ile ile ya injini.

Sasa dereva anatoka Kinyasini mbio, gari imejaa, anafika kituoni na kuzima papo hapo. Oili inasimama, gurudumu bado linazunguka, na oili iliyobaki huungua ikawa masizi. Dakika mbili za kuiacha injini ingurume taratibu zingetosha. Rejeta ikipungua maji, anatia ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, nayo huila rejeta kutoka ndani. Ikishaziba, joto hupanda, na silinda hedi hupasuka. Injini mpya zaidi, zenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, ndizo kabisa hazivumilii dizeli ya dumu iliyochanganyika na maji.

Nikamwuliza: "Ami, oili ilibadilishwa lini mara ya mwisho?"

"Hilo alijua dereva," akajibu.

Dereva yupi? Kwa miaka minne walipita watatu. Kila mmoja alidaiwa jambo moja tu: hesabu ya jioni.

Hapo, wasikilizaji, ndipo injini ilipofia. Mwenye gari anasubiri fedha yake. Kinachozidi ni cha dereva. Basi dereva asimame dakika mbili kwa faida ya nani? Anunue oili kwa fedha ya nani? Siwalaumu madereva peke yao. Mapatano yenyewe yameisahau injini.

Na hasara si ya mwenye gari tu. Usiku iliponoki, pikapu ile ilikuwa imembeba jirani mwenye uchungu, anapelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja. Ilizimika kabla ya Mahonda, saa nane ya usiku. Alhamdulillahi, lori la mchanga likatokea likamchukua. Lisingetokea je?

Rai yangu ni ndogo. Katika kila hesabu, sehemu iwekwe kando kwa ajili ya oili na filta, na mwenye gari ndiye aishike. Ndani ya gari pawe na daftari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na aliyekibadilisha. Dereva mpya alirithi daftari, asirithi siri. Gari zetu nyingi huja zimekwisha kutumika Japani. Maisha yao ya kwanza hatuyajui, basi tuyajue haya ya pili.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ami sasa anatafuta injini nyingine. Mimi nimekwisha kumpelekea daftari.

Kwaherini.