Ujumbe wa Kosa Usiotegemea Rangi



Mwaka 1792 John Dalton, Mwingereza aliyekuja kuwa mkemia mashuhuri, alilitazama ua la jeraniamu kwa mwanga wa mshumaa. Mchana aliliona la buluu. Usiku ule akaliona jekundu. Akawauliza rafiki zake, wakasema halijabadilika. Ndugu yake tu ndiye aliyeona kama yeye. Dalton alikuwa na miaka 26, na hadi siku hiyo hakujua kwamba macho yake yanatofautiana na ya wenzake.

Namtaja kwa sababu anaeleza kwa nini sisi watengenezaji wa programu hatuletewi malalamiko. Mtu anajaza fomu, anabonyeza "Tuma", fomu inabaki palepale. Anadhani mtandao umekatika. Kumbe visanduku viwili vimezungushiwa mstari mwekundu ambao kwake haujitofautishi na ule wa kijivu. Fomu ya namna hiyo niliwahi kuitengeneza mwenyewe, na inaniuma kufikiria walioiacha njiani.

Upofu wa rangi nyekundu na kijani hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ndiyo maana huwapata zaidi wanaume: kwa wenye asili ya Ulaya Kaskazini, wapatao 8 katika kila 100. Kwa Waafrika kiwango ni cha chini, lakini watu hao wapo. Sokoni huchagua embe kwa kulibonyeza na kulinusa, hawakosei. Skrini haibonyei wala hainuki. Kilichobaki ni maneno tunayowaandikia.

Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, kipengele 1.4.1, unataka rangi isiwe njia pekee ya kufikisha taarifa. Wengi huusoma kama agizo kwa mchoraji. Mimi naona unamhusu kwanza anayeandika ujumbe. "Sahihisha sehemu zenye rangi nyekundu" ni sentensi kamili, lakini haimsaidii asiyeuona wekundu. Andika chini ya kisanduku chenyewe: "Namba ya simu imepungua tarakimu moja. Andika tarakimu 10." Vivyo hivyo kwenye malipo: badala ya kitone cha kijani au chekundu, andika "Yamepokelewa" au "Yamekataliwa", na alama ziwe na maumbo tofauti, tiki na msalaba.

Rangi zenyewe tusizifukuze. Buluu na chungwa hutofautishwa na karibu wote. Ila maandishi mekundu juu ya weusi tuyaache kabisa: kwa baadhi ya watu wekundu huonekana hafifu sana, na onyo zima hupotea gizani.

Nimeomba dakika kumi kabla ya chai. Kila mmoja afungue programu anayoisimamia, aingie kwenye mipangilio ya simu na kuigeuza skrini iwe nyeusi na nyeupe, kisha ajaze fomu yake kwa kukosea makusudi. Atuambie ameambiwa nini.