Kazi Nyingine ya CD4

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, hahitaji kuelezwa CD4 ni nini. Chembe hizi za kinga zikishuka, wasiwasi; zikipanda, familia nzima inashusha pumzi. Kumbe zina kazi hata kwenye saratani ya damu.

Mwaka 2010, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, timu ya Profesa Carl June iliwatibu wagonjwa watatu wa saratani sugu ya damu, aina inayoanzia kwenye chembe za kinga ziitwazo seli B na kuwapata zaidi watu wa makamo na wazee. Dawa za kawaida zilikuwa zimegonga mwamba. Wakatolewa damu, zikatengwa seli T, kundi la chembe za kinga ambamo CD4 zimo, zikatiwa jeni ya kuzifundisha kuitambua alama ya CD19 iliyo juu ya seli B. Na jeni hiyo ilibebwa na nani? Kirusi kilichotengenezwa kutokana na kile cha UKIMWI, kikanyang'anywa uwezo wa kuzaliana. Adui mkubwa wa CD4 akageuzwa mpagazi wake!

Seli zikarudishwa mwilini kwa dripu. Ikafuata homa kali, kisha wagonjwa wawili kati ya wale watatu wakapimwa na saratani isionekane tena. Watafiti walikadiria kwamba, kwa wastani, kila seli iliyorudishwa iliangamiza seli za saratani zisizopungua 1,000.

Mwaka 2022 jarida la Nature likaeleza kuwa zaidi ya miaka kumi baadaye seli zile zilikuwa bado zimo damuni mwa wawili hao. Nyingi zilikuwa CD4, zinazoitwa seli saidizi, lakini hapa zilikuwa zikiua zenyewe.

Lakini tusipige vigelegele mapema. Kati ya wagonjwa wote 14 wa jaribio hilo, wakiwemo wale watatu wa kwanza, wanane walipata nafuu, na wanne tu ndio waliotakasika kabisa. Sababu mojawapo ni kwamba saratani hii huzichosha seli T: mgonjwa anazo tele, ila zimeishiwa nguvu.

Mmoja wa wanne hao, mzee wa miaka 78, aliwashangaza madaktari. Asilimia 94 ya seli zilizomponya zilikuwa uzao wa seli moja tu, ambamo jeni ngeni ilijipachika kwa bahati ndani ya jeni iitwayo TET2 na kuivuruga, seli hiyo ikazaana mno. Kuiga bahati hiyo maabara si mchezo, kwani TET2 ikiharibika katika seli nyingine za damu huweza kuchangia saratani.