Mpaka Usiosikika: Vitatuzi vya Programu na Funksheni Zilizopachikwa

Mwanafunzi wa mofolojia anapopewa neno meno na kutakiwa aonyeshe kiambishi ngeli na mzizi wake, hukumbana na mpaka usiosikika. Umoja wake ni jino; uchambuzi uliozoeleka husema kuwa mzizi ni -ino, na kwamba wingi wake kwa asili ni ma-ino. Lakini hakuna Mswahili asemaye maino. Irabu a na i zimeungana zikawa e, na hiyo e si mali ya kiambishi peke yake wala si mali ya mzizi peke yake. Hata hivyo mwanasarufi huweka kistari chake, tena bila kudanganya, mradi msomaji ajue kuwa kistari hicho ni cha uchambuzi wala si cha matamshi.

Mhadhara huu unahusu kistari cha namna hiyo katika uwanja ulio mbali kidogo na sarufi, yaani uwanja wa programu za kompyuta. Umbali huo usimtishe msikilizaji. Mwandishi wa programu huandika matini chanzi kwa lugha ambayo binadamu huweza kuisoma. Kompaila huifasiri na kutoa matini lengwa, ambayo ni mfululizo wa amri za mashine. Baadaye, programu inapokosea, huitwa chombo cha tatu ambacho hapa kitaitwa kitatuzi. Kazi yake ni kuisimamisha mashine katikati ya matini lengwa, kisha kumwonyesha mwandishi kwa kidole mahali panapohusika katika matini chanzi. Mtu yeyote aliyewahi kulinganisha tafsiri na matini yake ya asili, sentensi kwa sentensi, anaijua kazi hiyo. Anajua pia inapokuwa ngumu: pale mfasiri alipounganisha sentensi mbili kuwa moja.

Na ichukuliwe programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya C. Katika mstari wa 4 imo funksheni iitwayo mraba, ambayo hupokea namba x na kuizidisha kwa yenyewe. Katika mstari wa 12 imo funksheni nyingine iitwayo eneo, ambayo hukokotoa eneo la duara: huiita mraba, huipelekea nusu kipenyo, kisha huzidisha jibu kwa pai. Kompaila ikiifasiri programu hii bila uboreshaji wowote, mwito huo utaonekana waziwazi katika amri za mashine. Mashine itaweka kando anwani ya kurudia, itarukia mwanzo wa mraba, itazidisha, kisha itarudi ilikotoka. Mpaka upo, tena unaonekana kwa macho.

Kompaila ikiagizwa kuboresha, mambo hubadilika. Itatambua kuwa gharama ya kwenda na kurudi ni kubwa kuliko kazi yenyewe, kwani mraba si chochote ila kuzidisha mara moja. Kwa hiyo hauchukui mwito. Huchukua mwili wa mraba na kuupachika ndani ya eneo, mahali pale pale pa mwito. Katika matini lengwa hakuna tena kwenda wala kurudi, na hakuna anwani ya kurudia. Zipo amri mbili za kuzidisha zikifuatana, ya kwanza ikitokana na mstari wa 4 na ya pili na mstari wa 12. Hiyo ndiyo funksheni iliyopachikwa.

Mtumiaji wa kitatuzi huwa na maagizo machache anayoyategemea. Lipo agizo la kuingia, ambalo katika kitatuzi kiitwacho GDB huandikwa step: likitolewa kwenye mstari wenye mwito, mtumiaji huingia ndani ya funksheni inayoitwa. Lipo agizo la kupita, next, ambalo huiacha funksheni hiyo ifanye kazi yake yote na kumfikisha mtumiaji kwenye mstari unaofuata. Lipo agizo la kumalizia funksheni aliyomo, finish. Aidha, ipo orodha ya miito, inayoonyesha nani kamwita nani hadi hapo mashine iliposimama. Maagizo yote hayo yalibuniwa kwa kudhani kuwa mwito ni tukio halisi. Sasa tukio halipo.

Kitatuzi chenye jedwali la mistari tu, yaani jedwali linalosema amri hii ya mashine ni ya mstari fulani, kitapotea mara moja. Mtumiaji aliyesimama kwenye mstari wa 12 akiomba kupita, kitatuzi kitaendesha amri moja moja mpaka mstari ubadilike. Utabadilika kuwa wa 4, na kwa kuwa hakuna mwito uliofanyika, kitatuzi hakitakuwa na sababu ya kudhani kwamba kimeingia funksheni nyingine. Kitasimama hapo. Aliyeomba kupita amejikuta ndani, na orodha ya miito inamwambia kuwa yumo katika eneo, mstari wa 4, mahali ambapo eneo haipo kabisa.

Dawa haiko katika kitatuzi peke yake. Ni lazima mfasiri aache maelezo. Mfumo wa maelezo unaotumika sana kwa kazi hii huitwa DWARF. Toleo lake la 2 lilitolewa mwaka 1993 na la 5 mwaka 2017. Katika mfumo huo funksheni mraba huelezwa mara moja tu kwa namna ya dhahania: jina lake, mstari wake, vigeu vyake. Kisha kila mahali ilipopachikwa huandikwa ingizo dogo linalosema mambo matatu: kwamba hapa pana nakala ya mraba, kwamba nakala hiyo imekalia amri za mashine kuanzia anwani hii hadi ile, na kwamba iliitwa kutoka faili fulani, mstari wa 12. Mwanaisimu atatambua hapo tofauti kati ya mofimu na alomofu zake. Jambo la tatu, yaani mahali pa mwito, ndilo lenye uzito. Matoleo ya kompaila ya GCC yaliyotangulia lile la 4.1 la mwaka 2006 hayakuliandika, na matokeo yake ni kuwa GDB ikisoma programu zilizofasiriwa na matoleo hayo huvionyesha vigeu vya funksheni iliyopachikwa kana kwamba ni vya funksheni iliyoita, kama mgeni ambaye sanduku lake limeingizwa chumbani kwa mwenyeji na jina lake likafutwa.

Kwa maelezo hayo, GDB kuanzia toleo la 7.0 la mwaka 2009 hufanya jambo la kustaajabisha kidogo. Mashine inaposimama kwenye amri ya kwanza ya nakala iliyopachikwa, kitatuzi kinajua kuwa anwani hiyo moja ni ya mahali pawili: ni mahali pa mwito katika mstari wa 12, na pia ni mwanzo wa mraba katika mstari wa 4. Ndiyo ile e ya meno. Hakionyeshi vyote kwa pamoja. Kwanza kinamwonyesha mtumiaji mstari wa 12. Akiagiza kuingia, kinamwonyesha mstari wa 4, na kuongeza mraba kwenye orodha ya miito juu ya eneo. Kati ya maonyesho hayo mawili mashine haijatekeleza amri hata moja. Mtumiaji amesogea, mashine imesimama palepale. Akiagiza kupita badala ya kuingia, kitatuzi kitaziendesha amri zote za nakala ile bila kusimama ndani yake. Kitatuzi kingine mashuhuri, LLDB, hufuata njia iliyo karibu na hiyo: huweka hesabu ya kina cha upachikaji, na agizo la kuingia huweza kubadilisha hesabu hiyo tu pasipo kuigusa mashine.

Je, huu ni uongo? Mwongozo wa GDB wenyewe haukwepi. Unakiri kuwa kitatuzi hujifanya kana kwamba mahali pa mwito na mwanzo wa funksheni ni amri mbili tofauti. Swali hilo lilikuwa limeshajadiliwa mapema. John Hennessy, katika makala yake ya mwaka 1982, alionyesha kuwa katika programu iliyoboreshwa kigeu kinaweza kuwa na thamani ambayo matini chanzi haiitarajii mahali pale. Polle Zellweger, aliyetetea tasnifu yake kuhusu jambo hili mwaka 1984 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitofautisha tabia mbili za kitatuzi: tabia itarajiwayo, ambapo kitatuzi huficha kabisa kazi ya uboreshaji, na tabia ya ukweli, ambapo humwambia mtumiaji kilichotokea. Upachikaji wa funksheni ulikuwa miongoni mwa mambo aliyoyachunguza. GDB imechagua tabia itarajiwayo kwa jumla, lakini imeacha milango miwili wazi. Anayeomba maelezo ya fremu aliyomo huambiwa kuwa imepachikwa, na anayesogea kwa amri moja moja za mashine haonyeshwi mwigo huo. Hiyo ni sawa na kistari cha mwanasarufi chenye tanbihi chini ya ukurasa, na hapana haki ya kukiita uongo.

Hata hivyo mwigo una kikomo. Baada ya kumaliza funksheni ya kawaida, kitatuzi humwonyesha mtumiaji jibu lililorudishwa. Kwa funksheni iliyopachikwa hakiwezi, kwani hakuna kilichorudishwa popote. Jibu limeyeyuka ndani ya hesabu ya mwitaji. Isitoshe, kompaila hupanga upya amri ili mashine isikae bure, na amri za mraba huweza kuchanganyika na za eneo, hata mtumiaji akajiona akirushwa kutoka mstari wa 12 hadi wa 4 na kurudi, mara tatu au nne, ndani ya kazi ambayo kwa akili yake ni moja. GCC toleo la 8, la mwaka 2018, lilianza kuweka alama za ziada zinazoonyesha mwanzo wa kila sentensi ya matini chanzi na mahali pa kuingilia nakala zilizopachikwa. Hali imekuwa nafuu, lakini haijanyooka.

Mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya starehe ya mafundi. Programu inapoanguka mikononi mwa mteja, mara nyingi kinachomfikia mwandishi ni anwani ya mashine tu. Chombo kimoja kitaisoma anwani hiyo na kutaja eneo, kwa sababu katika orodha ya majina ya matini lengwa ni eneo peke yake inayoonekana hapo. Kingine, kama addr2line kikitumiwa bila chaguo la -i, kitataja faili na mstari wa funksheni ya ndani kabisa, bila kusema nani aliiita. Kosa likiwa la mwitaji aliyepeleka thamani mbovu, aliyeandika mraba atalaumiwa. Likiwa la mraba, atalaumiwa aliyeandika eneo. Ni mlolongo mzima wa upachikaji, ukiorodheshwa kama ulivyo, unaoweza kumwondolea mtu lawama isiyo yake.

Linabaki suala la istilahi, na hapa wanafunzi wa Kiswahili wana kazi. Tafsiri ya OpenOffice iliyotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice ilishughulikia maneno ya menyu, yaani yale anayoyaona mtumiaji wa kawaida. Maneno ya ndani ya ufundi wenyewe yanahitaji njia nyingine, kwa sababu hayawezi kupatikana kwa kufasiri lebo. Kitenzi meza, kwa mfano, kingevutia: funksheni iliyomezwa. Lakini kilichomezwa hakihesabiki tena, ilhali nakala ya mraba bado ina anwani zake na inaweza kusimamishiwa mashine; tena ikipachikwa mahali patano, agizo moja la kusimamisha huwekwa kwenye anwani zote tano. Pachika hulinda maana hiyo, kwani kilichopachikwa kinaweza bado kuonyeshwa kwa kidole. Vivyo hivyo kwa agizo la kumalizia. Wapo watakaopendekeza rudi, kwa kuwa funksheni ya kawaida hurudi kwa mwitaji wake. Rudi hudai kuwepo kwa anwani ya kurudia, na katika funksheni iliyopachikwa anwani hiyo haipo. Kitatuzi husogea tu mpaka kiwe nje ya nakala. Toka haidai hivyo.