Mashini ya manyasi ni ya wote: tuichunge namna gani?

Haya ni maneno tuliyosema Lubunga siku ya kupokea mashini ya pili. Wenzetu wengi wa ng'ambo hawakuvuka siku ile ju ya mvua, basi kamati imetuomba tuyaandike hapa.

Tuanze na aibu yetu sisi wa shirika. Watu wanasemaka kwamba mashini ya kwanza iliuawa na kijana mmoja wa timu. Si kweli, ao tuseme si kweli yote. Sisi tulileta mashini mpya ndani ya karto, tukafanya mafunzo ya siku moja, tena kwa Kifaransa, tukapiga picha, tukavuka mto kurudi ofisini Makiso. Hatukuacha daftari wala buji ya akiba. Na hatukuuliza swali moja la maana: nani hapa anajua motere, na anajua motere gani?

Kijana yule anajua motere ya pirogi. Motere nyingi za pirogi hapa kwetu zinakunywa esansi iliyochanganywa na mafuta. Akafanya vile anavyofanyaka siku zote: akachanganya, akajaza tanki, akavuta kamba. Lakini mashini ya manyasi inafika kutoka kiwandani tumbo kavu, bila mafuta ya motere ndani. Ilinguruma, ikatoa moshi, ikasimama. Mekanisie alipoifungua alikuta pistoni imeshikana na silinda. Kijana hakufanya ujinga, alitumia ujuzi wake. Sisi ndio hatukusema.

Basi leo tunasema. Motere ya mashini hii ni ndugu ya pikipiki, ile TVS ya vijana waliochukua kazi ya toleka. Esansi iko na nyumba yake, mafuta iko na nyumba yake. Mafuta ni kidogo, karibu nusu litri tu, kwa hiyo ikipungua kidogo motere inateseka. Kila asubuhi weka mashini pahali pa usawa, chomoa kijiti cha kupimia, pangusa, rudisha, tazama. Mafuta ya kwanza tunayamwaga kisha saa 5 za kazi, halafu kila saa 50. Kwa joto kama letu kitabu cha mashini kinaomba SAE 30.

Sasa angalia mtego. Ile mashini nyingine, ya kubeba na mkanda begani, ya kukatia kichaka, yenyewe inataka mchanganyiko kama motere ya pirogi. Kiwanda kinaomba mililita 20 za mafuta yake kwa litri moja ya esansi. Mashini mbili, desturi mbili, depo moja yenye giza! Tumenunua bidoni mbili. Nyekundu ni ya mchanganyiko, nyeupe ni ya esansi safi. Mutu asiyejua kusoma hatapotea, na aliyesoma sana kama sisi naye hatapotea.

Esansi yenyewe, tunajua wote inatoka wapi: kwa Kadhafi, pembeni ya barabara, ndani ya chupa. Hatuwezi kuwalaumu, bila wao mji hautembei. Lakini ndani ya chupa mara nyingi kuna maji na vumbi. Acha itulie, imwage polepole kupitia kitambaa safi, ile ya chini kabisa usiitie. Na kama hakuna kazi mwezi mzima, usiilaze ndani ya tanki, inaharibika na kuziba karibirateri. Acha mashini iwake mpaka ikauke.

Kabla ya kugusa kisu, vua kofia ya buji. Hata kama motere imezimwa. Hata kama una haraka. Ukizungusha kisu kwa mkono, motere inaweza kushika, na vidole haviuzwi sokoni. Ukiilaza mashini, upande wa karibirateri na filitiri ukae juu, ama sivyo mafuta yatalowesha filitiri. Filitiri ya sponji inafuliwa na sabuni. Ya karatasi haifuliwi, inapigwapigwa tu kutoa vumbi, ikichoka inabadilishwa. Kisu unakinoa kwa tupa pande zote mbili sawasawa, kisha unakitundika kwenye msumari kupitia tundu la katikati. Kikiinama upande mmoja, ule upande ni mzito, ongeza tupa pale. Kisu kisicho sawa kinatikisa motere mpaka inajilegeza yenyewe.

Sasa uwanja, na hapa tunaomba musikilize sana. Wengi wenu mulirudi mukakuta kichaka kimemeza parsele, mlango hauonekani. Tamaa ni kuwasha mashini na kuingia. Hapana. Kisu cha sentimita 50 kikizunguka mara 3000 kwa dakika, ncha yake inapita mita zaidi ya 75 kwa sekunde. Jiwe, chupa, kipande cha bati, kikipigwa na ncha ile kinaruka sawa na risasi. Watoto wakae mita 15 mbali, au zaidi. Na kabla ya kazi, uliza wazee wa pale: nini kilitokea hapa? Tusisahau mji huu. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati yetu, na mabomu mengine yalianguka bila kulipuka. Kama wazee wana mashaka na kipande cha udongo, tunakiacha, hata kama mteja analipa vizuri. Ukiona chuma usichokijua, usiguse, usipige teke. Rudi kwa njia uliyoingilia, kataza watu wasipite, ita chefu wa kartie na polisi. Hakuna franka inayostahili mguu wa mutu.

Tuje kwa manyasi. Siku ile mama mmoja alituuliza: kwa nini tuyachunge manyasi, kazi yetu si kuyamaliza? Kwetu uwanja safi ni udongo mtupu, unafagiliwa asubuhi, nyoka akipita anaonekana. Ana haki. Lakini mvua ya Kisangani ni karibu milimita 1,700 kwa mwaka, na udongo mtupu penye mteremko hautulii, unateremka. Tumeona namna mtaro mdogo unakuwa shimo la kumeza njia. Tulikubaliana hivi: kuzunguka nyumba, mita mbili za udongo mtupu kwa ajili ya nyoka, mbele zaidi, hasa kwenye mteremko, manyasi mafupi ya kushika udongo. Pasipalumu inatosha, tena haiuzwi: unang'oa vipande vyenye mizizi, unapanda kwa umbali wa kiganja mvua zikianza, unakanyaga.

Kuikata, tusiinyoe kama kichwa cha mufiwa. Sentimita 5 ao 6 ibaki. Kila mara kata sehemu moja tu kati ya tatu za urefu wake. Ikiwa imepita magoti, anza na mashini ya bega ao masete, ngojea siku kadhaa, ndipo mashini ya magurudumu. Manyasi yakiwa na maji usikate: kisu kinapasua badala ya kukata, na chini ya mashini panajaa uji wa kijani. Yaliyokatwa mafupi yabaki palepale, yanarudisha chakula ndani ya udongo. Mengi yakizidi, bamama wayapeleke kwenye lengalenga zao, mradi hayana mbegu.

Baki feza. Mashini ya kwanza ilifanya pia kelele ya namna nyingine: nani anaikopa, kwa nini wale wa upande ule wanaipata kila juma. Sisi wageni hatuingii sana humo, lakini tumeleta daftari. Daftari halina kabila. Kila anayechukua mashini anaandika jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi, esansi, mafuta, pahali alipokata na bei. Feza ya shule ao ya kituo cha afya ikifika, kwanza tunatoa ya mafuta, buji na kisu, kisha ya sanduku la wagonjwa, ndipo vijana wanagawana. Kama mutaigeuza hii orodha, mashini itafika Noeli ikiwa imekufa.

Jumamosi ijayo, kisha salongo, tukutane penye depo. Kila kijana wa timu alete tupa. Atakayefundisha ni yule kijana wa pirogi. Yeye mwenyewe ameomba, na kamati imemkabidhi ufunguo.