Mtaa Mkubwa Kuliko Kumbukumbu Zake: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Buyenzi



Mshereheshaji amenipa dakika kumi na tano, na harufu ya pilau inayotoka uani inanishauri nisizimalize zote. Nitajitahidi.

Nimealikwa kufungua maonyesho haya ya picha za zamani za Buyenzi katika Siku ya Kiswahili Duniani. Kabla ya kuketi hapa vijana wamenizungusha. Picha hizi hazikutoka kwenye jumba la makumbusho. Zimetoka kwenye masanduku ya bati, chini ya magodoro na katikati ya kurasa za Misahafu majumbani mwenu. Moja imenishika. Wanaume sita wamesimama mbele ya lori, kanzu zimenyooshwa pasi, kofia zimekaa upande, na wa mwisho kulia ameweka mkono juu ya boneti kama mwenye mali. Nimeomba igeuzwe. Nyuma pameandikwa kwa wino wa bluu neno moja tu: Usumbura, jina la zamani la Bujumbura. Majina hakuna. Nimewauliza wazee watatu walioketi mstari wa mbele. Kila mmoja amemtambua mtu wake, na wawili bado wanabishana.

Basi hilo ndilo neno langu la leo. Mtaa huu umefanya makubwa kuliko yaliyoandikwa juu yake. Tusipouandika sisi wenyewe, habari zake zitazikwa pamoja na wazee wake, na ardhi yake ya ukingoni itachukuliwa na mto.

Ndugu zangu, kusini mwa mji wetu, pale Mugere, kuna jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wasafiri hao wawili walipanda mtumbwi Ujiji kuja kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia, na waliodhani maji ya Tanganyika yanatokea huku kwenda Nile wakakosa hoja. Walikaa siku chache, wakaondoka, na jiwe wanalo. Waliowapigia makasia hawana jiwe. Hawana jiwe pia wafanyabiashara wa Ujiji, Uvira na Manyema waliovuka ziwa hili na vitambaa, chumvi na dini ya Kiislamu, kisha wakaoa, wakajenga, wakazikwa hapa. Wala biashara ya wakati ule haikuwa ya vitambaa na chumvi peke yake. Kulikuwa na pembe za ndovu na kulikuwa na watumwa. Rumaliza wa Ujiji alijaribu kuingia Burundi kwa bunduki, na watu wa Mwami Mwezi Gisabo wakamzuia. Tukiandika, tuandike na hayo. Historia inayosifu tu haina tofauti na shairi la harusi.

Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, na ofisi zao zikazungumza Kiswahili. Juni 1916 Wabelgiji wakauteka mji, baadaye wakaufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi. Hao ndio waliougawa mji kwa rangi. Wazungu walikuwa na kwao, Wahindi na Waarabu wenye maduka walikuwa na kwao, na Waafrika kwao. Waswahili wakaonyeshwa Buyenzi. Wengine wakawekwa jirani, katika mtaa ulioitwa Belge, ambao ndio Bwiza ya leo. Watu hawa hawakuwa chini ya machifu wa vilimani, wala hawakuhesabiwa kuwa wenye mji. Barabara zao zikapigwa mistari iliyonyooka na kupewa namba badala ya majina.

Aliyechora ramani ile alitaka watu wahesabike kirahisi. Waliopangwa humo wakazichukua namba zile wakazifanya ukoo. Mpaka leo mtu wa Buyenzi ukimwuliza kwao ni wapi anakutajia avenyu, na kwa namba hiyo moja mwenzake anajua shangazi yake ni nani, anaswali msikiti gani na Jumapili anashangilia timu ipi.

Vijana wangu, mtaa uliotengwa ili usisumbue ndio uliokuja kusumbua. Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Waliompokea mapema na kwa mikono miwili walikuwa wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura. Ushirika haukudumu, lakini urafiki ulidumu. Chama chake cha UPRONA kilipokuja kudai uhuru, Buyenzi ilikuwa mojawapo ya ngome zake mjini. Ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, kulikuwa na chama cha TANU na Mwalimu Nyerere, na Kiswahili kiliyabeba maneno ya uhuru pande zote mbili bila kuhitaji mkalimani. Mwishoni mwa 1960 Wabelgiji walimweka Rwagasore kizuizini. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake kikashinda viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akapigwa risasi akila chakula cha jioni kando ya ziwa. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, yeye alikuwa kaburini. Kaburi lake kule Vugizo wanalijua watoto wa shule. Waliomkaribisha kwenye vibaraza vya mtaa huu, wakamchangia, wakabeba ujumbe wake, nani anawajua kwa majina?

Nimesema makubwa ya siasa. Yapo makubwa ya kila siku. Anayetaka kuijua tabia ya Buyenzi asiende kwenye vitabu, aende akasimame mlangoni mwa garaji. Ardhi pale ni nyeusi na inang'aa kwa oili ya miaka. Gari limeinuliwa juu ya rimu kuukuu. Fundi yuko chini, anayeonekana ni miguu yake tu, na mkono wake unatoka kuomba spana bila kutaja namba. Kijana aliyechuchumaa pembeni anaitoa inayotakiwa, kwa sababu ameusikiliza mlio wa nati na anajua kinachofuata. Kijana huyo huenda alifika mtaani bila ndugu, ametoka Uvira, au Rumonge, au kilimani Mirwa. Hakuulizwa cheti. Aliulizwa kama anaweza kuosha piesi kwa petroli bila kuzipoteza. Baada ya miaka michache naye ana mwanafunzi wake. Mafundi wengi wa nchi hii walipitia chuo hicho kisicho na mlango.

Na soko letu la Ruvumera ni vilevile. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, watu waliamka na funguo za vibanda visivyokuwapo. Wengi wao walitafuta pa kuanzia upya, na Ruvumera ikajibana ikawapa nafasi. Hakuna aliyesema mtaa umejaa. Nadhani sababu iko wazi: mtaa huu ulianzishwa na watu waliohamishwa, ukajifunza mapema kumpokea aliyehamishwa.

Sitaki kuwadanganya vijana kwamba ukarimu huo haukujaribiwa. Mauaji ya mwaka 1972 yaliacha nyumba nyingi bila baba. Baada ya mauaji ya Oktoba 1993 mitaa ya mji huu iligawanyika, huyu hapiti kwa yule, na yule hapiti kwa huyu. Buyenzi iliendelea kuwa na majirani wa kila upande, na wapo waliopona kwa sababu mlango fulani ulifunguliwa usiku. Lakini Machi 1995 damu ilimwagika Bwiza, ikamwagika na hapa, na familia nyingi zilikimbia zikavuka mpaka. Wapo kwenye viti hivi walioona yote mawili, mlango uliofunguliwa na mlango uliovunjwa. Ninawaheshimu mno hata siwezi kuwasimulia habari zao wenyewe. Ninachowaomba ni kwamba wasiondoke nazo.

Sasa tuje kwa jirani yetu mkorofi, mto Ntahangwa.

Huu ni Julai, kiangazi, mto umelala. Mtoto anavuka kandambili mkononi, na mama anaanika nguo juu ya mawe. Lakini mto huu unashuka kwa kasi kutoka milima ya Mirwa, na safari yake mpaka ziwani ni fupi. Miti ikikatwa kule juu na mabati yakiongezeka, mvua ya Machi na Aprili haina pa kuzama, inakuja yote kwa pamoja. Huku chini udongo wetu wa uwanda wa Imbo ni laini, na maji yanaula kuanzia miguuni. Anayechota mchanga na kung'oa mawe kitandani mwa mto analisaidia korongo kupanuka. Anayetupa takataka analiziba, na maji yanatafuta njia kwenye ukuta wa mtu.

Nimepita ukingoni kabla ya kuja hapa. Kuna chumba kilichobaki nusu. Ukuta wa ndani bado una rangi ya samawati, swichi ya taa bado ipo, na kalenda ya zamani imening'inia kwenye msumari wake. Mlango ukiufungua unatazama korongo. Aliyekuwa akilala humo alinunua kiwanja chake kihalali, akajenga mbali na maji. Hakuusogelea mto yeye. Mto ndio ulimsogelea.

Na mji wetu umekwishaonywa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mafuriko yaliua watu zaidi ya 60, wengi wao katika mitaa ya Kamenge na Kinama. Mwaka huohuo mji ulipogawanywa upya, tarafa 13 zikawa tatu, mbili zikapewa majina ya mito: Muha na Ntahangwa. Tuliipa mito heshima ya majina. Heshima ya kuiachia nafasi bado hatujaipa. Kazi ya kujenga kingo kwa mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya ni njema, na waliofanya tunawashukuru, lakini nyavu hizo hazimzuii jirani mwenye sepetu.

Mtaniuliza: picha za zamani na mto vinahusiana wapi? Vinahusiana kwenye daftari. Mwaka 1538 utawala wa mfalme Henry VIII wa Uingereza uliamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Kwa sababu hiyo kijiji kidogo cha kule, chenye kanisa moja na daraja moja juu ya mto usiojulikana na mtu, mara nyingi kinaweza kukwambia nani alizaliwa pale miaka 400 iliyopita na alioa kwa nani. Si kwamba kilizaa watu wakubwa kuliko Buyenzi. Kiliandika, basi. Na mtaa ulioandikwa, siku ukuta unapoanguka au siku ofisi inapotaka kuwahamisha watu, una cha kuweka mezani: huyu ni nani, kiwanja kilikuwa hapa, alikaa tangu lini. Mtaa usioandikwa una mashahidi wanaobishana.

Kwa hiyo nina maombi, nayo ni manne. Vijana, kabla mvua hazijarudi, piteni avenyu kwa avenyu, mketi na wazee, mwandike majina nyuma ya kila picha. Wakibishana, andikeni majina yote mawili. Masheikh na mapadri, daftari za nikaha na za ubatizo mlizonazo ni hazina ya mtaa mzima. Zitoeni kwenye makabati yenye unyevu, zipigwe picha, nakala zihifadhiwe mahali pawili. Wakazi wa ukingoni, mchanga na mawe ya Ntahangwa yaacheni mtoni, na mkimwona anayechimba usiku, msimfiche kwa kuwa ni shemeji. Mheshimiwa Musitanteri, kiongozi wa tarafa yetu, kwako ni ombi moja: familia yoyote isihamishwe kando ya mto kabla haijaandikwa, yenyewe na kiwanja chake.

Najua mgeni rasmi hutazamwa mfukoni. Nami sikuja mikono mitupu: nachangia vinasa sauti viwili na katoni ya madaftari. Kamati nimeikabidhi, mashahidi mpo.

Watoto wa shule za msingi wa nchi nzima sasa wanafundishwa Kiswahili, na tangu 2007 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako lugha hii ndiyo ya sokoni na ya kwenye basi. Buyenzi ilikuwa ikiizungumza kabla haijapangiwa siku yake. Ni haki kwamba kitabu cha kwanza cha historia ya mtaa huu kilichoandikwa na wenyeji wake kiwe kwa Kiswahili, na ni aibu yetu sote kikichelewa.

Kwa hayo machache, natamka rasmi kuwa maonyesho haya yamefunguliwa.