Hotuba ya Mahafali: Mwendo wa Maambukizi Makali kwa Mtoto Mahututi

Sepsisi hutokea pale mwili, ukipambana na maambukizi, unapoanza kuharibu viungo vyake wenyewe. Mwaka 2017 inakadiriwa iliwaua watu milioni 11 duniani, na milioni 2.9 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Mtoto huficha hatari kuliko mtu mzima. Mzunguko wa damu ukidhoofika, moyo huenda mbio, mishipa ya mikono na miguu hujibana, na presha hubaki ya kawaida kwa muda mrefu. Kisha huporomoka ghafla. Ndiyo maana modeli ya kutabiri mwendo wa ugonjwa haiwezi kuegemea kipimo kimoja cha wakati wa kulazwa. Inahitaji mfululizo: mapigo ya moyo yanayolinganishwa na umri, kasi ya kupumua, kiwango cha fahamu, ubaridi wa viganja na nyayo.

Hata fikra iliyokubalika kote inaweza kukosea, na ushahidi mkubwa wa hilo ulitoka Afrika Mashariki. Ilidhaniwa kuwa mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu huokolewa kwa kuongezewa maji mengi ya dripu haraka. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, uliipima dhana hiyo kwa watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo Kilifi, Mulago na Teule ya Muheza. (Wenye kuharisha sana hawakuhusishwa, hao ni suala jingine.) Ndani ya saa 48 walikufa takribani asilimia 10.5 ya waliopewa maji hayo, dhidi ya 7.3 ya wasiopewa. Utafiti ulisimamishwa mapema, mwaka 2011. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kuliko maji kujaa mwilini. Mhitimu wa tiba au uuguzi asiondoke chuoni bila kuzijua namba hizi.

Vigezo vya Phoenix vya kutambua sepsisi kwa watoto, vya mwaka 2024, vilivyotokana na data ya hospitali za nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, hutoa alama kwa upumuaji, mzunguko wa damu, kuganda kwa damu na ubongo. Alama mbili au zaidi, pamoja na maambukizi yanayoshukiwa au kuthibitishwa, humaanisha sepsisi. Lakini vigezo hivyo huhesabu madhara yaliyokwisha kutokea; havikukusudiwa kumbaini mapema mtoto atakayezidiwa. Kazi hiyo bado iko mbele ya wahitimu, na huanzia kwenye chati: kipimo kisichoandikwa saa nane usiku hakuna hesabu itakayokirudisha.