KIBALI NA UPEPO WA BAHARI

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Kazi yangu ni vibali. Najua wengi wenu huona kibali ni jina jingine la kucheleweshwa. Nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu.

Mwaka 1991 Denmark ilisimamisha baharini, mahali paitwapo Vindeby, mitambo 11 ya umeme wa upepo, shamba la kwanza la upepo baharini duniani. Mwaka 2017 ikang'olewa, kazi yake imekwisha. Huko mwombaji huenda kwa Wakala wa Nishati, nao ndio unaozungumza na ofisi nyingine. Mlango ni mmoja.

Marekani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 2001 mradi wa Cape Wind ulitangazwa, mradi ambao hatimaye ulipangwa kuwa wa mitambo 130 katika Nantucket Sound, Massachusetts. Sheria ya upepo wa bahari haikuwapo, hivyo ombi likashikwa na wahandisi wa Jeshi kwa sheria ya mito na bandari ya mwaka 1899. Mwaka 2005 Bunge likatunga sheria na kuhamishia kazi hiyo wizara nyingine. Mkataba wa kukodi eneo ukatiwa saini mwaka 2010. Wavuvi, wenye nyumba za pwani na wenyeji wa asili, Wawampanoag, walipinga, kesi zikafuatana. Mwaka 2017 mradi ukaachwa. Haukusimama hata mtambo mmoja.

Wako wanaosema urasimu ndio ulioua mradi ule. Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kwamba mwombaji alifika kabla ya kanuni. Mvuvi ana haki ya kuuliza atatega wapi nyavu zake, lakini aulizwe kabla mahali hapajachaguliwa.

Nakiri nami. Nilipoanza kazi nilikaa na faili la mzee mmoja miezi mitatu. Sikudai rushwa, sikujua tu ni nani mwenye mamlaka ya kutia saini. Kila Jumatatu mzee alikuja, akasalimu, akaondoka mikono mitupu. Jumatatu moja hakuja tena.

Wanafunzi, viti hivi mtavikalia ninyi. Pwani yetu ina kaskazi na kusi. Ombi la namna hii likifika, likute imeandikwa nani anaidhinisha, nani anaulizwa, na nani atang'oa nguzo zikichakaa. Mali bila daftari hupotea bila habari.